Gari-nyumba: kitanda kichaguliwe kwanza, gari lifuate

Dereva wa kamiyo anayesubiri zamu yake kwenye mpaka wa Kasumbalesa hahitaji kufundishwa thamani ya kitanda. Nyuma ya kiti chake kuna godoro jembamba, na mara nyingine juu yake kuna la pili la msaidizi wake. Foleni ikidumu siku mbili au tatu, kabini ile inageuka chumba, jiko na sebule. Dereva kama huyo akiulizwa ni kamiyo gani iliyo nzuri, haanzi na rangi wala na redio. Anaanza na pale anapolaza mgongo.

Hekima hiyo bado haijawafikia wote wanaonunua au kukodi magari-nyumba huko Ulaya, yale ambayo Ubelgiji na Ufaransa wanayaita "camping-car": gari moja lenye usukani mbele, na nyuma yake vitanda, jiko dogo, meza na choo. Familia za Kongo zinazoishi Brussels, Liège, Paris au Lyon zina sababu zao za kulitazama gari la namna hiyo kwa hamu. Harusi iko mji mmoja, matanga yako mji mwingine, ndugu wametawanyika katika nchi tatu au nne, na hoteli ya watu sita inakula pesa nyingi kwa usiku mmoja. Tena kuna baba au mama aliyepata viza kwa taabu, ametoka Bukavu au Uvira, na watoto wanataka kumtembeza kwa ndugu wote kabla viza haijaisha. Gari-nyumba linaonekana kuwa jibu la hayo yote.

Linaweza kuwa jibu kweli. Lakini wanunuzi wengi wanatembea kinyumenyume: wanapenda gari, wanalipa, kisha usiku wa kwanza ndipo wanauliza nani atalala wapi. Hapo ndipo mama wa miaka 68 anaonyeshwa ngazi ya chuma na kuambiwa apande. Gari-nyumba linachaguliwa kwa vitanda vyake. Na vitanda vinachaguliwa kwa kumfikiria yule mwenye usingizi mgumu kuliko wote katika familia, si yule kijana anayeweza kulala hata juu ya gunia la mihogo.

Msomaji wa Goma, Kindu au Lubumbashi anaweza kuuliza jambo hilo linamhusu nini, katika nchi ambamo watu wengi hawana hata paa la kuaminika. Linamhusu kwa njia ya mfuko. Gari-nyumba jipya huko Ulaya mara nyingi linapita euro 60,000. Wanaolinunua wengi wanachukua mkopo na kulipa kila mwezi kwa miaka. Mfuko unaolipa mkopo huo ndio uleule unaotuma minervali ya watoto, dawa za bibi na bati za nyumba. Familia ikigundua baada ya miezi mitano kwamba gari haliwafai, italiuza kwa hasara, na hasara hiyo haibaki Ulaya. Inafika mpaka nyumbani.

Namba tatu, si moja

Kwenye tangazo la gari-nyumba kuna namba inayoandikwa kwa herufi kubwa: vitanda vya watu wanne, watano, sita. Wengi wanaishia hapo. Lakini gari lina namba nyingine mbili zilizo muhimu kuliko hiyo, na muuzaji hazisemi kwa sauti.

Ya kwanza ni idadi ya viti vyenye mkanda. Nafasi ya kulala si nafasi ya kusafiria. Kuna magari yenye vitanda sita na mikanda minne tu. Benchi refu linalotazama ubavuni, ambalo linapendeza sana watu wakiwa wanakunywa chai, si kiti cha safari. Na kulala kitandani gari likiwa barabarani ni kosa mbele ya sheria na ni hatari mbele ya Mungu: gari likisimama ghafla, mwili usiofungwa unaruka kama mzigo. Watoto nao wana masharti yao. Ubelgiji inataka mtoto asiyefika mita 1.35 akae kwenye kiti cha watoto. Ujerumani inaendelea mpaka mita 1.50 au miaka 12. Kiti hicho lazima kifungwe mahali panapokikubali, na si kila benchi la gari-nyumba linakikubali. Kwa hiyo familia ya watoto watatu haiulizi kwanza vitanda viko vingapi. Inauliza watoto watatu watakaa wapi mchana.

Namba ya pili ni uzito. Leseni ya kawaida ya gari dogo, kategoria B, huko Ulaya imezoeleka kuishia kwenye gari la kilo 3,500, likiwa na watu na mizigo yake yote. Ndiyo maana magari-nyumba mengi sana yametengenezwa kusimama pale pale kwenye mpaka huo. Uchukuliwe mfano wa hesabu. Gari lililo tayari kwa safari, dereva na mafuta vikiwa vimehesabiwa tayari, lina kilo 3,050. Zinabaki kilo 450. Wakipanda watu wengine watano wenye kilo 65 kila mmoja, zinaondoka 325, na zinabaki 125. Sasa kila mtu kati ya wale sita alete sanduku moja la kilo 23, kama lile la ndege. Hizo ni kilo 138. Gari limeshapita uzito kabla ya kupakia mchele, mafuta ya mawese, viti vya nje na sufuria ya fufu. Polisi wakilipima, kuna faini. Breki zikichelewa, kuna jambo baya kuliko faini.

Hesabu hiyo ina fundisho moja kuhusu vitanda: kila kitanda kinachoongezwa kinamwita mtu, na kila mtu anakuja na uzito wake. Gari la kilo 3,500 linaloahidi kulaza watu sita linaweza kuwalaza kweli. Swali ni kama linaweza kuwabeba.

Kila kitanda na mtu wake

Watengenezaji wana mipango mingi ya vitanda, lakini ukiondoa majina ya biashara yanabaki makundi machache. Kila moja lina watu linaowafaa na watu linaowatesa.

Kuna kitanda cha pembeni, ambacho kimeegemea ukuta kwa upande mmoja na mara nyingi kimekatwa kona moja ya miguuni ili watu wapate njia ya kupita. Faida yake ni gari fupi: kinaingia katika nafasi ndogo, na choo kinakaa jirani yake. Ubaya wake unaonekana saa nane za usiku. Anayelala upande wa ukuta akitaka kutoka, lazima amruke mwenzake. Kwa vijana wawili si neno. Kwa wazee wawili, au kwa mama mjamzito, ni kero ya kila usiku. Na ile kona iliyokatwa inamnyima miguu aliye mrefu.

Kuna kitanda cha kukingama, kinacholala kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine. Hiki ndicho kinachotawala katika magari membamba ya aina ya furgoneti, yale yaliyojengwa ndani ya gari la mizigo la kawaida. Magari hayo yanapendwa kwa sababu yanapita mjini bila shida na yanaegeshwa kama gari lolote. Lakini upana wa gari ndio unaokuwa urefu wa kitanda. Gari la mizigo lenye upana wa nje wa mita 2.05 hivi, ukiondoa unene wa kuta, haliachi mita mbili za kulala. Mtu wa mita 1.90 atalala amekunja magoti kama mtoto tumboni. Na hapa pia anayelala ndani anamruka anayelala nje.

Kuna vitanda pacha, viwili vya mtu mmoja mmoja, vimepangwa kulia na kushoto na njia katikati. Wengi wanavicheka wakisema ni vya watu waliogombana. Wanakosea. Kwa watu wazima hivi mara nyingi ndivyo vitanda bora kuliko vyote: kila mtu anashuka upande wake, hakuna anayemruka mwingine, na urefu unatosha. Katika magari mengi kuna ubao na mto wa kuziba pengo la katikati, na vitanda viwili vinageuka kimoja kipana sana. Pacha hao wanawafaa mume na mke, wanamfaa pia mama na binti yake, au ndugu wawili wanaosindikizana kwenye matanga. Lakini mnunuzi atazame kimo chake. Chini ya vitanda hivi mara nyingi kuna bohari kubwa ya mizigo na baiskeli, na kadiri bohari inavyokuwa kubwa, ndivyo vitanda vinavyopanda juu. Ngazi mbili si kitu. Tatu nyembamba, gizani, kwa mtu wa magoti mabovu, ni kitu.

Kuna kitanda cha katikati, ambacho kichwa chake kinagusa ukuta wa nyuma na pande zote mbili ziko wazi. Hiki ndicho kinachofanana zaidi na kitanda cha nyumbani, na ndicho picha za matangazo zinakipenda. Mtu anashuka popote anapotaka, na kutandika shuka hakuhitaji sarakasi. Bei yake inalipwa kwa urefu wa gari: mara nyingi ni karibu mita 7 au zaidi. Gari la urefu huo haliingii kila mtaa wa Brussels, na kuliegesha karibu na nyumba ya mjomba siku ya harusi ni kazi. Wakongo walioko Marekani, ambako magari-nyumba ni makubwa zaidi, wasidhani wamepona: kitanda kipana kinachowekwa humo mara nyingi ni kifupi kuliko cha dukani, sentimeta 190 badala ya 203. Anayenunua shuka za nyumbani au aliye na mtoto mrefu atalijua hilo usiku wa kwanza.

Kuna kitanda cha juu ya kabini, ndani ya ile nundu inayoonekana juu ya kichwa cha dereva. Kipo siku zote, hakihitaji kutandikwa upya, na watoto wanakipenda kama pango lao. Lakini kinapandwa kwa ngazi, dari iko karibu na pua, na kwa kuwa kimejitokeza mbele kikizungukwa na hewa ya nje, jua la Julai linakichoma na baridi ya Januari inakigandisha. Ni cha vijana. Si cha bibi, na si cha mtoto mdogo: wanaotengeneza vitanda vya juu wanaonya kwamba mtoto asiyefika miaka 6 asilazwe huko, na hata mkubwa wake anahitaji wavu au ubao wa kumzuia asianguke.

Kuna kitanda cha dari, kinachojificha juu mchana na kushuka usiku, kwa mota au kwa mkono, juu ya viti vya sebule. Kwa nafasi, huu ni ujanja mkubwa: gari fupi linapata chumba cha pili bila kuongezeka hata sentimeta. Lakini kikishuka, sebule imefungwa. Anayetaka kubaki macho akiongea na ndugu yake wa Bukavu kwa simu hana pa kukaa, na katika magari mengine kitanda hicho kinaziba sehemu ya mlango wa kutokea. Familia ambayo wote wanalala saa moja haitasumbuka. Familia ambayo baba analala saa tatu na watoto saa sita itagombana.

Kuna vitanda vya ghorofa nyuma ya gari, kimoja juu ya kingine. Kwa watoto wa shule ni vizuri sana: kila mmoja ana mahali pake, pazia lake na taa yake, na kile cha chini mara nyingi kinakunjwa mchana ili kupata bohari. Ubaya wake ni kwamba watoto wanakua na upana haukui. Godoro la sentimeta 70 linalomtosha mtoto wa miaka 8 litamkataa akifika 15.

Mwisho kuna kitanda cha meza: meza inashushwa, mito inapangwa juu yake, na kitanda kinazaliwa. Hiki ndicho kinachotumika kuongeza namba kwenye tangazo. Usiku mmoja wa dharura kinafaa. Kwa majuma mawili ni adhabu: kila usiku kupanga, kila asubuhi kupangua, na maungio ya mito yanauma mgongo. Anayehesabu vitanda vya gari angefanya vizuri kukihesabu hiki kama nusu.

Anayeamka usiku ndiye mwenye neno

Katika familia nyingi, anayelipa ndiye anayechagua, na anayelipa mara nyingi ni mwanaume wa miaka 40 mwenye afya, anayelala mpaka asubuhi bila kugeuka. Huyo ndiye mtu asiyefaa kuchagua kitanda. Neno la kwanza apewe yule anayeamka usiku: baba mwenye kisukari anayekwenda haja ndogo mara tatu, mama anayenyonyesha, dada mjamzito, babu mwenye goti la kuvimba.

Mtu huyo anahitaji mambo manne: kitanda ambacho miguu yake inafika chini akiwa ameketi, au walau ngazi pana yenye pa kushika, njia ya kufika chooni bila kumruka wala kumkanyaga mtu, taa ndogo anayoifikia akiwa amelala, na mlango wa choo usiohitaji nguvu. Gari likikosa mawili kati ya hayo, hata liwe na televisheni na jiko la kung'aa, si gari la mtu huyo.

Mama-mkwe hayumo kwenye tangazo

Kuna jambo moja ambalo matangazo ya Ulaya hayalijui kabisa, na Wakongo wanalijua tangu utoto. Katika familia nyingi za mashariki mwa Kongo, mkwe hulala mbali na mama-mkwe. Si chuki, ni heshima. Mwanaume hamkuti mama wa mke wake akiwa na nguo za kulalia, wala binti-mkwe hapiti mbele ya baba wa mume wake akiwa amejifunga kitenge tu. Nyumbani jambo hilo linatatuliwa na kuta, na mara nyingine na nyumba mbili katika uwanja mmoja.

Gari-nyumba ni chumba kimoja. Kati ya kitanda cha nyuma na cha mbele mara nyingi kuna pazia, na pazia halizuii sauti, mkoromo wala aibu. Mzazi aliyetoka mbali hatalalamika. Atalala na nguo zake zote, atazuia haja yake mpaka kuche, na akirudi Bukavu atasema safari ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo familia inayokusudia kuwabeba wakwe itafute mpango ambao choo na bafu viko katikati ya gari, vikitenganisha chumba cha nyuma na sebule ya mbele, tena kukiwa na mlango mgumu na si pazia. Magari yenye kitanda cha katikati au vitanda pacha nyuma, pamoja na kitanda cha dari mbele, mara nyingi yana mpango huo. Wazazi wanalala nyuma, kwenye vitanda vya chini, na vijana wanalala mbele. Pakikosekana gari kama hilo, kuna njia ya kawaida zaidi: hema zuri la kuunganisha ubavuni mwa gari wakati wa joto, au chumba kidogo cha kukodi palepale kwenye uwanja wa kambi kwa ajili ya mume na mke. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kumvunjia mzazi heshima siku kumi mfululizo.

Mgeni apewe kitanda, na dereva pia

Desturi nyingine nzuri inaweza kuleta msiba ikihamishwa bila kufikiri. Kwetu mgeni anapewa kitanda kizuri, na mwenye nyumba anatandika mkeka. Hakuna anayehesabu hilo kuwa sadaka kubwa. Lakini ndani ya gari-nyumba, mwenye nyumba ndiye dereva. Kutoka Brussels mpaka Marseille ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwanaume aliyewapa wazazi kitanda cha nyuma, akawapa watoto kile cha juu, kisha yeye akajikunja juu ya mito ya meza, asubuhi anashika usukani wa tani tatu na nusu akiwa na macho mekundu. Ukarimu wake wa usiku umekuwa hatari ya wote mchana.

Ndiyo maana kuhesabu vitanda kunapaswa kuanza na viwili: cha yule mwenye usingizi mgumu na cha yule atakayeendesha. Vyote viwili viwe vitanda vya kweli, vyenye godoro zima na urefu kamili. Baada ya hapo ndipo wengine wapangwe. Wakizidi, jibu la haki si gari kubwa zaidi wala mito zaidi. Jibu ni watu wachache ndani ya gari, na wengine wachukue treni.

Jibu hilo halipendezi. Miongoni mwa Wakongo, kumwambia shangazi kwamba hakuna nafasi ni karibu na tusi, na wapo watakaosema kwamba gari la watu sita lenye shida ni bora kuliko la wanne lenye raha, maadamu wote wako pamoja. Hoja hiyo ina uzito wake: umoja ndio uliowavusha wengi. Lakini umoja hauvunjiki kwa mtu mmoja kupanda treni na kukutana na wenzake jioni. Unavunjika kwa siku saba za usingizi mbovu, watu wakinuniana juu ya nani alikoroma na nani aliwasha taa.

Kitanda usichokilalia

Waswahili walishasema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inafaa kuliko ushauri wote wa muuzaji. Kabla ya kununua, familia ikodi gari lenye mpango uleule wa vitanda kwa siku mbili au tatu, nje ya msimu wa likizo, wakati bei ziko chini. Pesa hiyo haipotei. Ni ada ya shule ndogo inayozuia kosa la euro elfu kumi.

Na hata kwa muuzaji, kitanda kisitazamwe kwa macho tu. Watu wavue viatu na walale, wote, kila mmoja mahali pake, kwa muda wa kutosha. Aliye mrefu anyooshe miguu. Aliye mzee apande na kushuka mara mbili, bila kusaidiwa. Mmoja ajifanye anakwenda chooni huku wengine wamelala. Kitanda cha dari kishushwe, na mtu ajaribu kutoka nje kikiwa chini. Kitanda cha meza kipangwe na kupanguliwa na yule atakayekifanyia kazi hiyo kila siku. Godoro liinuliwe kutazama chini yake: pasipopita hewa, pumzi ya watu wawili inageuka maji, na maji yanaleta ukungu. Kisha ziulizwe zile namba mbili ambazo hazimo kwenye tangazo: mikanda mingapi, na kilo ngapi zinabaki. Muuzaji atakayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kujibu.

Familia zitakazofanya hivyo hazitarudi na gari moja. Vijana wawili wasio na watoto watachukua furgoneti fupi yenye kitanda cha kukingama na watafurahi. Wenye watoto wa shule watachukua vitanda vya ghorofa. Wenye wazazi watachukua vitanda pacha vya chini na mlango mgumu, hata kama gari lenyewe halina sura ya kupigia picha za kutuma nyumbani. Kila mmoja atakuwa amechagua kwa hesabu ya watu wake. Usisafirie nyota ya mwenzio, wanasema watu wa pwani, na gari la jirani ni nyota ya jirani.

Mama yule wa miaka 68 hakuvuka bahari ili aonyeshwe mnara wa Paris akiwa hajalala. Atakayemkumbuka kwanza, kabla ya rangi na kabla ya urefu, atakuwa amelichagua gari vizuri.